Unaniomba namba tano za Arc, ngoja kwanza tusome karatasi

Mudogo mumoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi: "Yaya, mwaka muzima nacheza mbio za farasi, tiyerse (kupatia watatu wa kwanza) na kinte (kupatia watano wa kwanza), kwa kufuata namba za gazeti na zile wazee wa gishe ya kuchezea wananong'onezana. Nimepata mara mbili tu, na ile pesa haikutosha hata tomson ya kula na bukari nyumbani. Sasa siku ya yenga ya kwanza ya mwezi wa kumi kuna Arc (Prix de l'Arc de Triomphe, ile mbio kubwa ya farasi) kule Longchamp, Paris. Wewe uko na miaka mingi ndani ya haya mambo, nipe namba tano zenye uko na hakika nazo, na kama una nafasi unielezee unachaguaka namna gani."

Jambo mudogo, na wa nyumbani wote. Namba tano sitakupa, na usiseme yaya ameanza uchoyo. Orodha ya farasi watakaokimbia bado haijafungwa, kamba (ile nafasi ya mulango wa kuanzia) hazijapigwa kura, na mvua ya Paris haina bosi. Mutu anayekupa namba tano leo na kuapa juu yake anakuuzia ndoto ya jirani. Ila pale mwisho umeuliza nachaguaka namna gani, umeiweka kama chumvi juu ya mboga, kumbe ile njo mboga yenyewe. Nitajibu ile, na ni ndefu kidogo.

Kwanza pesa, juu watu wengi wanacheza miaka kumi bila kujua inatembea namna gani. Hii michezo ya Ufaransa ni pari mutuel, alianzisha Joseph Oller pale Paris miaka ya 1860, na maana yake ni moja tu: pesa ya wachezaji wote inaingia ndani ya chungu kimoja, mwenye kupanga mchezo anakata yake, halafu inayobaki wanagawana waliopatia. Fikiria likelemba lakini ya watu wasiojuana. Kwa hiyo wewe hupigani na bosi wa gishe hata kidogo, unapigana na wachezaji wenzako, na siku namba za gazeti zimeingia mnajikuta watu elfu ngapi sijui mumeshika sahani, kuku ni mumoja. Ndiyo maana zile mara mbili ulipata, hukupata kitu! Ulipatia, lakini ulipatia pamoja na dunia nzima. Farasi muzuri na bei nzuri ni vitu viwili, na ile bei (ile namba ndogo kwenye skrini inayopanda na kushuka mpaka mulango ufunguke) inakuonyesha tu watu wengine wameweka pesa wapi, haijui farasi ameamkaje.

Halafu hesabu. Kwenye mbio ya farasi 16, namna za kupanga watano wa kwanza kwa kufuatana ni 524,160. Hata ukisema nataka tu watano wenyewe, mpangilio sijali, zinabaki 4,368. Tiyerse bila mpangilio, farasi wale wale 16, ni 560. Unaona? Watu wanaruka tiyerse, mchezo ulioanza 1954, wanakimbilia kinte iliyokuja 1989 juu ya ile pesa kubwa wanatangaza, bila kujua wameacha mulima mudogo wakapanda ule mukubwa.

Sasa karatasi, ile yenye orodha ya farasi wa kila mbio. Swali la kwanza ukiishika si nani, ni mbio ya namna gani. Kuna za kukokota kigari, zile za Vincennes, kuna za kuruka vizuizi za Auteuil, na kuna hizi za tambarare, wanaita pla, za Longchamp, Chantilly, Deauville, Saint-Cloud. Kila moja na dini yake, usichanganye. Na ndani ya pla kuna handikapi na kuna zile za uzito kwa umri. Kwenye handikapi yule mwenye kupima anapewa kazi ya kufanya wote wafike pamoja: farasi mwenye nguvu anabebeshwa kilo nyingi, muzaifu anabeba kidogo. Na namba zinafuata uzito! Namba 1 ndiye amebeba mingi kuliko wote, namba 16 ndiye mwepesi. Nakuambia hii juu nawaona watu gishe wanacheza tarehe ya kuzaliwa ya mutoto, wanasema namba 7 ni ya bahati, kumbe namba kwenye handikapi ni kama mizani ya soko, inakuambia mutu wa mizani anafikiria nini juu ya yule farasi. Ninachotafuta mimi pale ni yule aliyekuwa juu zamani, akashindwashindwa, wakamushusha kilo tatu nne, na sasa yuko kwenye uzito aliokuwa anashindia. Huyo njo tokari wangu, yaani farasi ambaye watu hawamutegemei. Aliyeshinda juzi kila mutu amemuona, na yule wa mizani amemuona pia, kilo zimeongezwa tayari.

Kisha muziki, yaani rekodi ya mbio za nyuma za kila farasi. Ile mistari kama 2p 1p 0p (24) 5p wengi wanaipita macho. Inasomwa kuanzia kushoto, ya kushoto ni mbio ya mwisho aliyokimbia, namba ni nafasi aliyofika, ile herufi ndogo ni aina ya mbio, p ni pla, a ni kigari, h na s ni za vizuizi. Mwaka ndani ya mabano unasema zinazofuata ni za mwaka ule. Na 0, mudogo, 0 si "hakuna shida" kama rafiki yangu mumoja alikuwa anaamini kwa muda murefu sana, 0 ni kwamba alifika nyuma ya wa tisa. Lakini muziki peke yake unadanganya pia: 0p ya mbio kubwa ya Longchamp inaweza kuwa nzuri kuliko 1p ya kijiji. Ukiona 0p uliza ilikuwa wapi, umbali gani, uwanja namna gani.

Uwanja. Hapa nitakaa kidogo, juu uwanja njo ulinipiga mimi.

Mwaka wa 2021, siku ya ine, niliandika kwenye ubao pale tulikuwa tunakutania Kamalondo majina matatu ya Arc: Adayar, Hurricane Lane, Tarnawa. Haikuwa kubahatisha. Adayar alikuwa amebeba (yaani ameshinda) Derby ya Epsom na King George, mbio kubwa za Uingereza, mwaka ule ule, Hurricane Lane amebeba Derby ya Ireland na St Leger, Tarnawa mwaka wa 2020 alishinda Breeders' Cup Turf kule Marekani. Watu walinakili, mama wa karanga aliyekuwa anakaa pembeni naye alinakili. Halafu mvua ikashuka Paris, uwanja ukawa muzito kama matope ya Ruashi mwezi wa pili, na mimi nilikuwa nimeandika siku ya ine, sikurudia kusoma, nilienda zangu kwenye matanga na siku ya yenga nikarudi kuangalia skrini kama mufalme. Alifika Torquator Tasso, farasi wa Ujerumani, bei yake ilikuwa juu sana, karibu hakuna mutu alimutegemea. Wa pili Tarnawa. Wa tatu Hurricane Lane. Wa ine Adayar. Soma tena! Watatu wangu wote walifika, wa pili, wa tatu, wa ine, na ubao mzima haukulipa tiyerse hata ya mutu mumoja. Mama wa karanga alikaa wiki mbili bila kunisalimia.

Na kinachouma ni kwamba karatasi ilikuwa imesema. Torquator Tasso alikuwa ametoka kushinda Grosser Preis von Baden mwezi wa tisa, na ile mbio ya Baden-Baden ilishatoa mushindi wa Arc mbele yake, Marienbard 2002, Danedream 2011. Ni ya mita 2400 sawa na Arc. Lakini ni Ujerumani, magazeti ya Paris yanaiandika mistari miwili, kwa hiyo watu hawaweki pesa, kwa hiyo bei inabaki juu. Tangu siku ile, farasi wa Baden akija Longchamp na mvua imenyesha, simupiti bila kumuangalia mara mbili. Sisemi atashinda. Nasema bei yake mara nyingi ni ya uongo.

Kwa kupima uwanja Wafaransa wako na chombo, penetrometa, kinadondosha chuma kwenye majani na kusoma kimezama namna gani. Namba ndogo ni uwanja mukavu, kwenye tatu na kitu ni laini wa kawaida, ukiona imepita nne jua farasi waliozoea uwanja mukavu wataanza kuteseka. Namba inatolewa na kubadilishwa mpaka asubuhi ya mbio. Tip ya siku ya ine haijui hiyo namba. Kisha unarudi kwenye muziki wa kila mumoja, unaangalia alishinda wapi uwanja ukiwa vile. Kazi ya nusu saa, si zaidi.

Kamba sasa, na namna Longchamp yenyewe iko. Wanazunguka kwa mukono wa kuume. Arc inaanzia pale karibu na kinu cha upepo cha zamani, wanapanda mulima mudogo, wanashuka, kisha wanaingia kipande wanaita mustari wa uongo, juu kinafanana na mwisho lakini mwisho bado, kuna kona ingine ndogo ndipo unafika mustari wa kweli. Joki (mupanda farasi) mugeni anachochea pale kwenye uongo, na mita mia mbili za mwisho anakuwa anasukuma gari bila mafuta. Kwa hiyo joki anayejua njia ni kitu, mimi nakihesabu. Frankie Dettori alibeba Arc mara sita, na kwa upande wa wafundishaji André Fabre mara nane, ya nane ni Waldgeist 2019, siku ile uwanja muzito ulimukatalia farasi jike Enable ushindi wa tatu wa Arc.

Kamba ya nje kabisa ni muzigo, farasi anazunguka njia ndefu kuliko wenzake ao joki anamurudisha nyuma kabisa kutafuta nafasi ndani. Watu wakiona kamba 14 wanafuta jina. Mimi sifuti haraka hivyo. Treve 2013 alitokea kamba 15 akawaacha urefu wa farasi tano, Golden Horn 2015 alitokea 14 akashinda. Farasi mukubwa kweli anavuka kamba mbaya, farasi wa kawaida haivuki, na hapo bei inakusaidia: kama kamba mbaya imefanya watu wamukimbie farasi mukubwa, wewe unashukuru.

Arc yenyewe si handikapi, kwa hiyo ile elimu ya namba niliyokupa juu hapa inabadilika kidogo. Uzito unafuata umri na jinsia. Dume wa miaka minne na kupanda anabeba kilo 59.5, wa miaka mitatu 56.5, na majike wanapunguziwa kilo moja na nusu, kwa hiyo musichana wa miaka mitatu anabeba 55 tu. Namba zinafuata uzito vilevile, ndiyo maana wazee wako juu ya karatasi na wasichana wadogo wako chini kabisa. Watu wanapenda kuimba kwamba Arc ni ya watoto wa miaka mitatu juu ya kile kipunguzo. Mimi nilikaa nikahesabu kuanzia 2014 mpaka 2025: mbio kumi na mbili, wa miaka mitatu walishinda ine tu, Golden Horn, Enable 2017, Ace Impact 2023, na Daryz 2025. Halafu hesabu majike, Treve 2014, Found, Enable mara mbili, Alpinista, Bluestocking, ni sita. Nusu nzima! Jike wa miaka minne ao mitano mwenye muziki safi, hata kama gazeti linamuweka wa saba, kwangu anaingia kwenye tike. (Mpaka 2025 farasi aliyehasiwa hukumuona kabisa kwenye Arc, hawakumuruhusu, juu mbio ilifanywa kwa kuchagua wazazi wa kesho.)

Kitu kingine cha kuangalia ni nani amelipiwa kuingia kwa kuchelewa. Bluestocking 2024 hakuwa kwenye orodha ya mwanzo, alishinda mbio ya Vermeille pale pale Longchamp mwezi wa tisa, wenyewe wakalipa euro 120,000 kumuingiza, na akashinda. Mutu hatoi pesa ile juu ya kupiga picha. Hizo mbio za mwezi wa tisa, Vermeille, Niel, Foy, zote mita 2400 kwenye uwanja ule ule, uzisome mbele ya kitu kingine chochote, na usiangalie tu nani alishinda, angalia nani alimaliza akiwa bado anakimbia.

Wajapani. Kila mwaka wanakuja, kila mwaka watu wanasema huu ni mwaka wao. El Condor Pasa alifika wa pili 1999, Nakayama Festa wa pili 2010, Orfevre wa pili 2012 na tena 2013. Mpaka 2025 hakuna aliyeshinda. Kwa tiyerse bila mpangilio namuweka Mjapani muzuri bila haya, kwa kushinda peke yake namuacha, ila siku watashinda utanicheka na utakuwa na haki.

Mbio zingine za siku ile usizicheze zote juu tu ziko. Abbaye ni mita 1000 za moja kwa moja, dakika moja hata haiishi, jicho lako likipepesa imekwisha, mimi naitazama tu. Marcel Boussac na Lagardère ni za watoto wa miaka miwili, muziki wao ni mistari miwili mitatu, utasoma nini? Opéra, ile ya majike mita 2000, naipenda, farasi wanajulikana na pesa ya wachezaji wengi iko imelala kwenye Arc. Forêt ya mita 1400 nacheza kama uwanja ni muzito na nimeona mutu aliyezoea matope. Zingine nakunywa chai.

Tike sasa, juu najua hii njo ulikuwa unangojea. Chagua farasi mumoja wa msingi, yule ambaye uko tayari kumutetea mbele ya wazee wote wa gishe. Ukimufunga na wengine wane kwenye tiyerse bila mpangilio unalipa namna sita. Farasi watano bila msingi ni namna kumi, sita ni ishirini. Kinte na farasi saba ni 21, na nane ni 56, zidisha na bei ya tike moja uone kama bado unaitaka. Kwa pesa yako ya sasa mimi ningecheza msingi wako kwa nafasi tu, yaani afike ndani ya watatu wa kwanza, na kwa mbio ya farasi nane na kupanda hiyo inalipa hata akiwa wa tatu. Haina sifa, hakuna mutu atakuimbia Katuba nzima, ila utaanza kujua kama macho yako yanaona kweli. Andika kwenye kaye kila farasi uliyemuchagua na sababu yake mbele ya mbio. Nasema sababu. Baada ya mbio kila mutu alikuwa anajua. Pesa ya kodi ya nyumba ikianza kuingia hapo, funga kaye, uniite tuongee mambo mengine.

Saa nayo usiisahau. Siku ya Arc Ufaransa bado iko kwenye saa ya kiangazi, kwa hiyo saa yao na saa ya Lubumbashi ni moja. Kuanzia siku ya yenga ya mwisho ya mwezi wa kumi wao wanarudisha saa nyuma, sisi hatuguswi, na sisi tunakuwa mbele saa moja. Nimeona watu wanagombana na mama wa gishe bure juu ya hii.

Kwa hiyo fanya hivi: usinunue karatasi mapema. Ngoja ile ya siku ya posho jioni, kamba zikiwa zimetoka na waliojiondoa wamejulikana, kisha siku ya yenga asubuhi uangalie penetrometa na unipigie tusome pamoja. Kama tayari umenunua ile ya siku ya ine, mupelekee mama wa karanga, yeye anajua kazi yake.